Kiilu na Kuhama kwa Soko la Mbuzi

Kwanza niseme kwamba mtoto alipona. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila ninapomsimulia mtu habari za Kiilu na soko la mbuzi, nikifika kwenye lori ananikatiza aulize kama msichana yuko hai. Yuko hai. Anaitwa Wayua, ni mjukuu wa Kiilu, na jana alipita hapa dukani kwangu akikimbia na wenzake, hata salamu akasahau.

Mimi nauza dawa za mifugo mjini Mwingi. Kwa muda mrefu mlango wa duka langu ulitazamana na kiwanja cha soko la mbuzi, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona nimeambiwa na Kiilu, au na mkewe Kalunde, ambaye husimulia vizuri zaidi kwa sababu hapunguzi kitu.

Kiilu ni dalali. Kazi yake ni kusimama kati ya mwenye mbuzi na mwenye lori. Wakulima walikuja kutoka Nguni na Kyuso wakiswaga mbuzi wao, wafanyabiashara wakafika na malori kutoka upande wa Garissa, wakajazia mzigo hapa kwetu kabla ya kuendelea Nairobi, na Kiilu akawapatanisha. Kisomali alijifunza ujanani kwa kukaa tu na wenyewe, akakizungumza kwa mdundo wa Kikamba uliowachekesha mpaka wakauzoea. Rafiki yake mkubwa kati yao alikuwa Sharmarke, mtu mzima mwenye malori yake, mpole, asiyependa kelele. Wawili hao walipatana bei kwa njia ya wachuuzi wa zamani: wanashikana mikono chini ya shuka, vidole vinataja bei, na midomo inazungumzia mvua. Waliosimama kando hawajui lolote. Mkono hauachiwi mpaka mkubaliane. Ukiuachia katikati, umevunja biashara, na mwenzako ana haki ya kwenda kwa mwingine.

Kiilu alipoanza kazi hiyo, kiwanja kilikuwa pembeni mwa mji. Nyuma yake kulikuwa na vichaka vya miiba na njia ya punda. Kisha mji ukakua, wala haukumwuliza mtu. Zikaja nyumba za kulala wageni, zikaja benki na kituo cha mafuta, yakaja maghorofa ya kupangisha yenye nguo zilizoanikwa mpaka juu, na nyuma ya maghorofa ikajengwa shule ya msingi. Mbuzi wakajikuta katikati ya mji bila wao kusogea popote. Siku ya soko malori yaliziba barabara tangu asubuhi. Wapangaji wa ghorofani walifunga madirisha kwa sababu ya vumbi na harufu. Watoto wa shule, wakitoka kwenda kula chakula cha mchana, walikatiza katikati ya mifugo na magurudumu, kwa sababu njia nyingine ilikuwa ya kuzunguka mbali kwenye jua.

Kaunti ikatangaza kwamba inataka kulihamisha soko, lipelekwe nje ya mji kwenye barabara ya Garissa, mahali penye nafasi. Kiilu akawa wa kwanza kukataa. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Alisema kiwanja kile ni cha umma, na katika miji yetu kiwanja cha umma kikishaachwa wazi huota ukuta, na ukuta huwa na mwenyewe. Alisema wanunuzi wanakuja Mwingi kwa kuwa hapo hapo pana chakula, msikiti na mahali pa kutoa pesa; ukiwapeleka porini watapitiliza. Na alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema mbele ya watu. Kalunde alikuwa na kibanda cha supu na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye ukingo wa kiwanja, na kibanda hicho ndicho kilichowalea watoto wao miaka ile ya ukame, mbuzi walipokuwa hawafai hata kuuzwa.

Munyao, dalali mwenzake, alikuwa akimwunga mkono katika kila jambo. Wakaapa kwamba siku kaunti itakapoita kikao cha wananchi, watakijaza.

Miezi michache kabla ya kikao hicho akaja Ndinda. Ni binti wa Kathonzweni, kule Makueni, anayesoma chuo kikuu Nairobi. Alikuwa akifanya utafiti juu ya miji midogo inayokua haraka, na hasa alitaka kujua mji hufanya nini na vitu unavyovikuta njiani, kama soko letu. Alisimama pembeni siku nzima akitazama watu wanavyovuka. Kiilu alimwendea akamwambia kwa Kikamba kwamba anawajua watu wa aina yake, kwamba kila kiwanja kinachonyakuliwa huanza na kijana mwenye simu anayepiga picha, na kwamba aondoke kabla hajaaibishwa. Ndinda akamjibu kwa adabu kuwa hajatumwa na mtu isipokuwa mwalimu wake. Hakuondoka mjini, ila alivuka barabara akaja kwenye baraza langu. Nikampa kigoda.

Kalunde alimpelekea supu bila kumwuliza lolote. Yeye ni mtu wa hivyo. Baada ya siku kadhaa wakawa wanazungumza kama mtu na shangazi yake. Kalunde alimwambia kwamba wakati wa mchana, kazi ikiwa imepamba moto, yeye huacha kila kitu akatazama pengo kati ya ghorofa na malori mpaka aone sweta ya buluu ya Wayua ikitokea. Wayua aliishi nao kwa sababu baba yake, Gedion, na mama yake walikuwa na duka dogo huko Malili kwenye barabara ya Mombasa. Kila mchana alikuja kula kwa nyanya yake. Kalunde alikuwa amemweleza mumewe juu ya pengo lile zaidi ya mara moja. Kiilu alimjibu kwamba watoto wa mjini wana macho.

Sasa niingie kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa muhula, wakati ambao kila mzazi huleta mbuzi sokoni ili apate karo. Soko lilijaa mpaka mlangoni kwangu. Mkulima mmoja wa Kyuso alikuwa ameleta kundi zuri, mabeberu wazima, na Sharmarke aliwataka wote. Kiilu na Sharmarke walikuwa wamesimama ndani kabisa ya kiwanja, shuka imefunika mikono yao, vidole vinafanya kazi. Lori la Sharmarke lilikuwa likirudi nyuma taratibu ili lipakie. Dereva wake, kijana anayeitwa Maalim, alikuwa akitazama upande mmoja ambako mbuzi walisongamana karibu na gurudumu.

Wayua alitokea upande wa pili.

Mimi niliona sweta ikiingia nyuma ya lori, kisha sikuiona tena. Nilikuwa na chupa ya dawa mkononi na nikabaki nayo hivyo hivyo. Ndinda ndiye aliyeruka kutoka barazani. Alivuka barabara bila kutazama, akafika kwenye mlango wa dereva na kuupiga kwa viganja vyote viwili mpaka lori likasimama. Baadaye aliniambia kwamba hakuwa amewaza chochote, alijikuta tu ameshafika.

Mtoto alikuwa ameanguka, mguu umebanwa kati ya gurudumu na jiwe kubwa la kuegemezea ngazi ya kupakia. Gurudumu lilikuwa limefika kwenye sweta yake. Watu waliinua, walivuta, sijui waliwezaje, wakamtoa akiwa amezimia.

Kelele ilipopanda, Sharmarke aligeuza kichwa na vidole vyake vikalegea chini ya shuka. Kiilu akavikaza. Akasema, "Ni mbuzi amekanyagwa. Tumalize." Na wakamaliza. Walikubaliana bei, wakaachiana, Kiilu akakunja shuka begani, na hapo ndipo mtu alipofika mbio akilitaja jina lake na jina la Wayua pamoja.

Huku kwenye lori mambo yalikuwa yanaelekea kuwa mabaya zaidi. Vijana walikuwa wamemshusha Maalim na wameshaanza kumvuta shati. Mji wetu una amani, Wakamba na Wasomali tumezoeana, tunauziana na kuazimana, lakini siku kama hiyo mtu hukumbuka haraka dereva ni wa kabila gani. Nilianza kusikia maneno nisiyopenda kuyarudia. Kalunde akafika na mwiko wa supu ungali mkononi. Aliangalia mtoto amelala mikononi mwa Ndinda, akaangalia wale vijana, na hakupaza sauti.

"Mwacheni," alisema. "Nyinyi wenye nguvu za kuvuta watu, njooni mnifungulie njia. Mtoto wangu ndiye huyu hapa, na hospitali iko kule."

Wakamwacha. Baadhi yao ndio waliombeba Wayua mpaka kwenye pikapu ya mwenye duka la saruji.

Lakini pikapu haikuweza kutoka. Mbele malori yalikuwa yamesimama bega kwa bega, nyuma kulikuwa na mbuzi, kando kulikuwa na bodaboda na mikokoteni ya maji. Kila mtu alipiga honi na hakuna aliyesogea, kwa kuwa hapakuwa na pa kusogea. Kiilu alifika akatangulia mbele ya pikapu. Alipiga milango ya malori kwa fimbo yake, aliwasukuma mbuzi kwa magoti, aliwasihi madereva kwa Kikamba, Kiswahili na Kisomali. Mimi nilikuwa nyuma yake nikifukuza mifugo kwa aproni yangu. Lazima mjue kwamba Kiilu ndiye aliyekuwa akipanga malori kila siku ya soko. Hakuna lori hata moja lililokuwa limesimama pale ambalo si yeye aliyelionyesha nafasi asubuhi. Nilimwona akilijua hilo. Alifika kwenye lori la mwisho, akaweka mkono juu ya boneti, na akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyepungukiwa na pumzi. Sharmarke alikimbia kutoka dereva hadi dereva, mzee wa watu, kanzu ameishika juu ya magoti, mpaka njia ikapatikana na pikapu ikapenya.

Hospitalini walimpeleka Wayua kupigwa picha. Kalunde alikaa kwenye benchi akiomba kimyakimya. Kiilu hakukaa. Mwishowe daktari alitoka, mwanamke kijana aliyechoka, akawaambia kwamba mfupa wa muundi umevunjika lakini umevunjika vizuri, kwamba kichwani na tumboni hakuna kilichoharibika, na kwamba mtoto ameamka na anauliza kiatu chake kiko wapi. Kalunde aliposikia habari ya kiatu alicheka, kisha akaketi sakafuni, na daktari akaketi naye kidogo.

Kiilu alitoka nje. Nilimfuata kwa sababu sura yake ilinitia wasiwasi. Nilimkuta ameegemea ukuta wa hospitali, mikono ameibana kwapani kama ana baridi. Nilimwambia tumshukuru Mungu, mtoto amepona. Akasema ndiyo. Kisha akaniambia habari ya mkono chini ya shuka, ambayo mpaka wakati huo mimi sikuijua.

"Sharmarke alitaka kwenda kuangalia," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika. Nilimwambia ni mbuzi."

Nilisimama naye tu mpaka Kalunde alipotuita tuingie tumwone mtoto.

Kesho yake Sharmarke alikuja hospitalini na mke wake, Ubah, aliyesafiri kutoka Garissa kwa ajili hiyo. Ubah alileta maziwa ya ngamia na kanga mpya, akamkumbatia Kalunde mlangoni wakakaa hivyo muda. Kiilu alikuwa ameogopa siku hiyo kuliko alivyokubali. Aliogopa kwamba urafiki wa ujana wake mzima ungeishia kwenye korido ile, kila mmoja akimtazama mwenzake kupitia mguu wa mtoto. Sharmarke naye, nilikuja kujua baadaye, aliogopa hilo hilo, na njiani alikuwa amejiandaa kuambiwa asikanyage tena Mwingi. Alianza kwa kusema kwamba gharama zote za matibabu ni juu yake, na kwamba Maalim ameshaandikisha taarifa polisi na yuko tayari kwa lolote.

Kiilu alimkatiza. "Gharama tutasaidiana. Huyo kijana sina neno naye. Lori halikuwa na pa kupita, na mtoto hakuwa na pa kupita. Mimi ndiye niliyewabana pale wote wawili."

Sharmarke akamtazama, akamshika mkono, safari hii bila shuka. Wayua, mguu ukiwa kwenye plasta, akauliza kama maziwa yale ni yake peke yake.

Gedion naye alifika kutoka Malili akiwa amekasirika. Alisema anamchukua binti yake. Kalunde alimwacha aseme yote, kisha akamwuliza kwa upole kama malori ya barabara ya Mombasa yana breki zaidi ya haya ya Garissa, na kama duka lao la Malili haliko hatua chache tu kutoka kwenye lami. Gedion alikaa mpaka Jumapili, akaenda kanisani na wazazi wake, na waumini walipomwombea mtoto alilia wazi mbele ya watu. Akarudi Malili peke yake. Ila alimwambia baba yake kwamba muhula ujao ataangalia tena.

Kikao cha wananchi kiliitwa Wayua akiwa angali kwenye magongo. Kilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na ukumbi ulijaa hadi madirishani. Munyao alikuwa ameleta madalali wote na akawa amewagawia zamu za kusema. Kiilu ndiye aliyewekwa wa mwisho, ili apigilie msumari. Waliotangulia walikataa soko kuhamishwa, mmoja baada ya mwingine, na walishangiliwa. Mwalimu mkuu wa shule alijaribu kusema habari za watoto, wakamzomea kidogo. Ndinda alikuwa ameketi nyuma, hakusema kitu, hiyo haikuwa kazi yake pale.

Kiilu aliposimama, ukumbi ulitulia kwa furaha, wakijua kitakachosemwa. Alisema kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiwaambia soko lisitoke, na kwamba sasa anawaambia litoke. Mtu mmoja alidhani amekosea akacheka. Kiilu aliendelea. Aliwasimulia alivyotembea mbele ya pikapu. Aliwaambia kwamba barabara ile iliyoziba ni yeye aliyeiziba, kila wiki, na kwamba alikuwa akirudi nyumbani akijisifu kwa kuipanga vizuri. Habari ya mkono hakuisema pale, na nadhani ilikuwa haki yake kuiweka moyoni.

Munyao alisimama kabla hajakaribishwa. Alisema Kiilu amenunuliwa.

"Niangalie, Munyao," Kiilu alimjibu. "Unanijua. Wewe pia una wajukuu katika shule ile. Siku ile alipita wa kwangu." Akageukia meza ya watu wa kaunti. "Lakini na nyinyi msidhani nimelala. Soko litatoka kwa sharti. Kiwanja kile kibaki cha mji, na hilo lisemwe hapa mbele ya kila mtu. Na huko mnakotupeleka tupate maji, choo, kivuli na ngazi ya kupakia. Siwezi kuwaambia hawa waende jangwani."

Hakushangiliwa. Lakini mwanamke mmoja akasimama akasema anakubaliana naye, kisha mwenye duka la saruji, kisha wengine. Mwenyekiti wa kikao akayasema masharti yale kwa sauti, wananchi wakashuhudia. Wakati wa kutoka madalali wengi walimpita Kiilu bila kumsalimu. Kalunde alimngojea mlangoni, akamshika kiwiko wakaenda nyumbani kwa miguu.

Ulipita msimu mzima wa mvua kabla ya soko jipya kuwa tayari. Liko nje kidogo ya mji, limezungushiwa ua wa waya, lina tangi la maji na mazizi ya kutenganisha mbuzi na ng'ombe. Siku ya kwanza Munyao na wenzake waligoma. Walikaa kwenye kiwanja cha zamani na mbuzi wao, ingawa malori yalikuwa yamekatazwa kuingia. Kiilu alienda soko jipya na wakulima wachache aliowabembeleza. Kalunde alihamisha kibanda chake, akapika kama kawaida. Nami nilienda kwa udadisi. Upepo ulivuma ndani ya mazizi matupu. Mnunuzi mmoja alifika, akazunguka, akaondoka. Jioni Kalunde alirudi mjini na sufuria nzito kwenye bodaboda, akagawa supu kwa majirani. Hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja. Aliniambia kwamba siku ile aliona bora amwage supu kila wiki mpaka afe kuliko kurudi kutazama lile pengo.

Siku ya soko iliyofuata Kiilu aliondoka nyumbani akiwa hana hamu ya chai. Alisimama langoni mwa soko jipya akitazama barabara ya Garissa. Hakuwa ameongea na Sharmarke tangu wiki iliyotangulia, kwa sababu aliona si haki kumwomba mtu aache biashara yake mahali penye watu aje mahali penye upepo. Alimwacha aamue mwenyewe.

Sharmarke alikuja. Lori lake lilikunja kona likaingia langoni, na nyuma yake likaja la binamu yake, na lingine la mtu ambaye Kiilu hakumjua. Alishuka akajinyosha, akatazama ngazi ya kupakia, akaipiga teke kuijaribu kama mtu anayenunua kitanda. Akasema kwamba kwa mara ya kwanza ameingia sokoni Mwingi bila kutukanwa na mtu. Akauliza mbuzi wako wapi.

Mbuzi walikuwa wachache. Wote walinunuliwa asubuhi hiyo, na wakulima waliowauza walipiga simu kwao vijijini kabla hata hawajala. Kufikia mchana watu walikuwa wanaswaga mifugo kutoka kiwanja cha zamani kuja huku. Munyao alifika juu ya bodaboda akiwa amempakata mwanambuzi. Alimshusha, akamfunga kwenye nguzo, akaenda kwenye kibanda cha Kalunde akaagiza supu. Kiilu alienda akaketi karibu naye. Walizungumza juu ya bei ya siku, basi, na baadaye kidogo Munyao akauliza mguu wa mtoto unaendeleaje.

Sisemi kila kitu kilikaa sawa. Kina mama waliokuwa wakiuza mboga kando ya mbuzi walipoteza wateja, na baadhi yao hawajawapata tena. Duka langu lenyewe limepungukiwa. Nimefungua tawi dogo kule sokoni na sasa natembea huku na huko. Kiwanja cha zamani kingali wazi. Mara mbili watu wamekuja na kamba za kupimia na mara mbili mwalimu mkuu amewaita wananchi wakaondoka, na yule aliyefika mbele kabisa na fimbo alikuwa Kiilu. Watoto wanacheza mpira pale. Ndinda alimaliza masomo na akaja kutusomea alichoandika, kwa Kiswahili, kwenye ukumbi ule ule wa kanisa. Kiilu alimwomba msamaha mbele ya watu kwa kumfukuza. Ndinda alisema ameshasahau, jambo ambalo si kweli, lakini lilipokelewa vizuri.

Likizo iliyopita Kalunde alienda sokoni na Wayua kwa mara ya kwanza tangu aumie. Mtoto alikuwa ametupa magongo zamani, anachechemea kidogo asubuhi tu kukiwa na baridi. Maalim alikuwa pale, amekaa ndani ya lori akingoja kupakia. Tangu siku ile alikuwa hajawahi kukutana na msichana huyo akiwa amesimama. Alishuka haraka, akavua kofia, akabaki hajui aiweke wapi. Kiilu, aliyekuwa mbali kidogo kati ya mazizi, aliacha kuzungumza akawatazama. Nami nilikuwa natazama.

Wayua alimsalimu, "Shikamoo," akamwuliza kama anaweza kuona kule juu kunafananaje. Maalim alitoa ufunguo kwenye lori akauweka mfukoni, akamwonyesha Kalunde kwamba ameutoa, kisha akamnyanyua mtoto akamkalisha kwenye kiti cha dereva. Wayua aliangalia kioo cha kushoto, akaangalia cha kulia, akashika usukani uliomshinda ukubwa, akajaribu kugeuka nyuma.

"Kwani wewe huoni kitu hapa," alimwambia.

"Sioni," Maalim alisema. "Ndiyo maana sasa lazima mtu asimame nyuma aniongoze. Nisipomwona kwenye kioo, siwashi gari."

Wayua akawaza juu ya hilo, akaona linafaa. Akaomba kupiga honi. Maalim alimtazama Kalunde, Kalunde akakubali kwa kichwa, na mtoto akaibonyeza kwa mikono miwili, muda mrefu sana, mbuzi wakaruka kila upande na watu wakageuka wakaanza kucheka. Kiilu alicheka pia. Alipangusa uso kwa kona ya shuka, kisha akanyoosha mkono kwa mkulima aliyekuwa akimngojea.